Kutibiwa kwa Kinyesi cha Mtu Mwengine: Elimu ya Bakteria wa Tumboni na Hukmu ya Sharia

  

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mama yetu ni mtu mzima. Alilazwa kwa homa ya mapafu akapigwa sindano za antibayotiki kwa siku nyingi. Mapafu yalipona, lakini akaanza kuharisha, akitibiwa hupata nafuu wiki mbili tatu kisha hali hurudi. Tumempeleka India. Madaktari wa kule wanasema utumboni mwake kuna bakteria sugu, hii ni mara ya tatu wanarudi, na wanapendekeza atiwe tumboni kinyesi cha mtu mwenye afya kilichotayarishwa hospitali. Mama analia, anasema bora afe kuliko kutiwa najisi. Kaka yetu mkubwa anasema ni haramu moja kwa moja, dada zangu wanasema dharura inahalalisha. Tunaomba ufafanuzi, na vipi Sala zake katika hali hii?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Tunamuomba Allah ampe mama shifaa isiyoacha maradhi, na awalipe kwa kuhangaika naye. Jibu kwa ufupi ni kwamba inafaa, kwa masharti tutakayoyataja. Lakini wanazuoni wetu wametufundisha kwamba hukmu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe, na nahisi mgawanyiko wenu umetokana na kutojua tiba hii ni nini na kwa nini daktari mwenye akili zake aipendekeze. Kwa hiyo nivumilieni nianze mbali kidogo. Kuna mambo humu yanaihusu kila aila, si ya muulizaji peke yake.

Umma unaoishi ndani yetu

Kila mwanaadamu amebeba ndani ya utumbo wake, hasa utumbo mpana, umma mkubwa wa viumbe wasioonekana kwa macho. Wengi wao ni bakteria. Makadirio ya watafiti yaliyotolewa mwaka 2016 yanasema mtu mzima ana bakteria wapatao trilioni 38, wakati seli za mwili wake mwenyewe ni kama trilioni 30. Wote hao ukiwaweka kwenye mizani hawafiki robo kilo. Wataalamu huuita umma huu maikrobayomu.

Tumezowea tukisikia bakteria tunafikiria kipindupindu na homa ya matumbo. Wabaya wapo, lakini walio wengi tumboni ni wa kheri au hawana madhara. Katika Suratun Nahl, aya ya 66, Allah (S.W.) anatutaka tuzingatie wanyama wa mifugo, namna anavyotunywesha maziwa safi yanayotoka baina ya uchafu wa tumboni na damu. Leo tunajua kwamba ng'ombe peke yake hawezi kuvunja majani anayokula. Wanaoyavunja ni vijidudu waliomo tumboni mwake, na kutokana na kazi yao yeye hupata nguvu na sisi tukapata maziwa. Sisemi kwamba aya imekuja kufundisha elimu ya bakteria, na sipendezwi na wanaoigeuza Qur-ani kuwa kitabu cha maabara. Nasema tu kwamba tulikwisha ambiwa ndani ya matumbo mna mazingatio.

Bakteria hawa wanahusiana vipi na kinga? Sehemu kubwa ya askari wa mwili, yaani zile seli zinazopigana na maradhi, wamewekwa kwenye kuta za utumbo. Ukifikiri utaona ni mahali pake. Sisi watu wa visiwani tunajua bandari ni nini: karibu kila kinachoingia kisiwani kinapita pale. Utumbo ndio bandari ya mwili. Chakula, maji, vumbi na vijidudu vyote vinapita hapo, na askari wa bandarini anatakiwa amjue adui, amjue mgeni na aijue mizigo. Akilala, maradhi yataingia. Akiwa mkali kwa kila kitu, ataupiga mwili anaoulinda, na hiyo ndiyo asili ya maradhi kama mzio na baadhi ya uvimbe wa utumbo.

Askari huyu hazaliwi akiwa anajua kazi, hufundishwa, na katika walimu wake wakubwa ni hao bakteria. Watafiti walilea panya ndani ya vyumba visivyo na kijidudu hata kimoja, tangu kuzaliwa. Panya wale walionekana wazima, lakini kinga yao ilikuwa changa: matezi ya kinga yaliyomo kwenye utumbo yalikuwa madogo, na kingamwili zinazolinda ukuta wa utumbo zilikuwa chache. Walipopewa bakteria, kinga yao ikaanza kukua. Mwaka 2013 vikundi vya watafiti wa Marekani na Japani vikaonesha, kwa panya pia, njia moja inayopitwa. Yale makapi ya mboga na nafaka ambayo tumbo letu haliwezi kuyasaga, bakteria wa utumbo mpana huyachachusha na kutoa asidi, mojawapo ikiitwa butireti. Asidi hiyo ni chakula cha seli za ukuta wa utumbo, na pia husaidia kuongeza aina ya askari ambao kazi yao ni kuwatuliza wenzao. Ni kama wazee wa mtaa vijana wanapotaka kupigana.

Ziwa la mama

Hapa pana jambo ambalo kila ninapolieleza kwenye darsa za akina mama naona nyuso zinabadilika. Katika maziwa ya mama mna aina za sukari ambazo mtoto hawezi kuzisaga hata kidogo. Nazo si chache: ukiacha maji, ni kitu cha tatu kwa wingi katika maziwa hayo, baada ya sukari ya kawaida ya maziwa na mafuta. Watafiti walijiuliza muda mrefu, mwili wa mama unagharimikaje kutengeneza chakula asichokila mtoto? Kundi la Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, akiwemo Bruce German na wenzake, likaonesha kwamba chakula kile ni cha bakteria. Ipo aina moja, Bifidobacterium infantis, ambayo imeumbiwa kukila. Mama anamlisha mtoto, na wakati huo huo anawalisha walinzi wa mtoto.

Allah (S.W.) ametaja katika Suratul Baqara, aya ya 233, miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza. Na ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya mwanzo, kisha kuendelea na ziwa pamoja na vyakula vyengine mpaka miaka miwili au zaidi. Sasa bado wapo mabibi, Allah awahifadhi, wanaompa mtoto wa siku tatu maji ya sukari, uji mwepesi au dawa ya kuondoa gesi, eti ziwa halimtoshi. Wanafanya kwa mapenzi, lakini wanamuingizia mtoto maji na vyombo visivyoaminika wakati bandari yake haina askari waliofunzwa. Mtu asiniletee hoja ya tahniki hapa. Tahniki ni sunna, nayo ni chembe ya tende iliyolainishwa ikapakwa kwenye kaakaa la mtoto na mtu mwenye kinywa safi asiye mgonjwa. Si chupa. Na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au aliye mgonjwa, daktari wake aulizwe kwanza.

Walichokuja kutafuta Eyasi

Mbali na maziwa, chakula cha kila siku ndicho kinachoamua ni bakteria gani wakae na gani waondoke. Katika watafiti mashuhuri wa fani hii ni Justin Sonnenburg na mkewe Erica, wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Sehemu ya kazi yao imefanyika hapa nchini, kwa Wahadzabe wanaoishi kando ya Ziwa Eyasi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kukusanya asali, matunda na ubuyu. Utafiti wa mwanzo wa mwaka 2014, uliofanywa na watafiti wengine, uliwalinganisha Wahadzabe 27 na Wataliana 16 wa mji wa Bologna, ukakuta Wahadzabe wana aina nyingi zaidi za bakteria. Mwaka 2017 kundi la Sonnenburg na wenzake likachapisha uchunguzi wa sampuli 350 za kinyesi kutoka kwa Wahadzabe 188, na ikaonekana baadhi ya bakteria hupotea msimu wa mvua wakarudi msimu wa kiangazi, kwa kufuata chakula kinavyobadilika. Wahadzabe hula makapi ya mimea mara kadhaa kuliko anavyokula Mmarekani wa kawaida, na baadhi ya bakteria wanaopungua kwao kwa msimu ni wale ambao kwa watu wa miji ya viwanda ni nadra au hawapo kabisa.

Hatusemi watu wakaishi porini. Maisha yale nayo yana khatari zake, khasa kwa watoto. Lakini tujiangalie wenyewe. Wazee wetu walikula mkate wa mofa, muhogo, magimbi, mbaazi, kunde, kisamvu na mchicha. Mtoto wa leo asubuhi ni mandazi na chai ya sukari, mchana chipsi, jioni tambi za pakiti na soda. Hata ubuyu, ambao ni katika vyakula vya Wahadzabe, sisi tumeujaza sukari na rangi mpaka ulimi wa mtoto unakuwa mwekundu.

Mwaka 2021 Stanford walitoa utafiti mwengine kwa watu wazima 36 wenye afya kwa muda wa wiki 10. Nusu waliongezewa vyakula vya makapi, nusu vyakula vilivyochachushwa kama mtindi na mboga za kuchachusha. Kwa waliokula vilivyochachushwa, aina za bakteria ziliongezeka, na protini 19 za damu zinazoashiria uvimbe wa ndani zikapungua. Watu 36 ni wachache, na mtu asitoke hapa akauza mtindi kama dawa ya kila maradhi. Ila mtindi wa nyumbani usiotiwa sukari ni kheri, na ni rahisi. Najua swali litakalofuata, kwa hiyo nijibu kabisa: kuchachuka si haramu kwa dhati yake. Mtindi ni halali na siki ni halali. Tembo la mnazi likishafika hadi ya kulevya ni haramu, liwe kidogo au kingi, na mtu asilinywe kwa kisingizio cha bakteria.

Vidonge vinavyogaiwa kama peremende

Sasa tunakaribia maradhi ya mama. Antibayotiki ni neema kubwa. Nimonia, uti wa mgongo na maambukizi ya uzazi yaliua watu wasio na idadi kabla yake, na mama huyu pengine asingekuwepo leo bila ya zile sindano. Lakini antibayotiki haichagui vizuri. Inaua adui, na inaua raia wema waliomo utumboni. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti ambapo wanaume 12 wenye afya walipewa antibayotiki tatu kali kwa siku nne tu. Kwa kiasi kikubwa bakteria zao walirudi baada ya mwezi na nusu, lakini baada ya siku 180 aina tisa walizokuwa nazo wengi wao mwanzoni zilikuwa bado hazionekani. Hao ni watu wazima wenye nguvu. Mtoto wa miezi minane ambaye umma wake ndio kwanza unajengeka hali yake inahitaji uangalifu zaidi.

Na sisi tunafanya nini? Mtoto akitoka kamasi siku ya kwanza, anakimbiliwa amoksilini dukani bila cheti cha daktari. Mafua mengi yanatokana na virusi, na antibayotiki haiui kirusi hata kimoja. Tumbo likiuma, flajili. Jirani amebakisha vidonge vinne, anagaia viwili. Mgonjwa akipata nafuu siku ya pili, anaacha vilivyobaki kwenye droo vingojee homa nyengine. Matokeo yake si kwa mnywaji tu. Bakteria waliozowea dawa huhama kutoka mtu hadi mtu, nyumba hadi nyumba. Tathmini kubwa ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2022 ilikadiria kwamba mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa.

Hapa pana hukmu, si ushauri wa afya tu. Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kulipiziana madhara, katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Majah na Imam Malik. Na katika Hadithi ya Amr bin Shuayb, kwa Abu Daud, An-Nasai na Ibn Majah, anayejitia kutibu watu na hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara yatakayotokea. Muuza duka anayempa mzazi antibayotiki kwa kukisia, kwa sababu tu fedha ziko mezani, aisome Hadithi hii vizuri. Na mzazi anayemlazimisha daktari aandike dawa asiyoiona ina haja, naye ana fungu lake.

Bakteria aliyebaki shambani peke yake

Tumboni mwa baadhi ya watu mna bakteria anayeitwa Clostridioides difficile. Kwa kawaida hana nafasi. Majirani zake wamekalia viti vyote, wanakula chakula chake, na wanaigeuza nyongo inayoshuka kutoka kwenye ini kuwa aina inayomzuia asikue. Antibayotiki zikiwafagia majirani, yeye hujificha katika umbo la mbegu ngumu ambayo dawa haiipati, kisha huchipua shamba likiwa tupu. Hutoa sumu inayochoma utumbo, mtu akaharisha, akapata homa, na mzee huweza kufa. Dawa yake ni antibayotiki nyengine, mfano vankomaisini, nayo humuua, lakini pia huzuia majirani wasirudi. Ndiyo maana kwa baadhi ya wagonjwa maradhi hurejea, na kila yakirejea uwezekano wa kurejea tena huzidi. Hii ndiyo hali aliyokuwemo mama.

Fikra ya kupanda upya majirani kutoka kwa mtu mwenye afya si ya jana. Mwaka 1958 daktari Ben Eiseman na wenzake wa Denver, Marekani, waliwatibu hivyo wagonjwa wanne wenye uvimbe mkali wa utumbo. Lakini ushahidi ulio wazi ulitoka Uholanzi mwaka 2013, katika utafiti ulioongozwa na Els van Nood wa Amsterdam. Wagonjwa 16 waliotiwa kinyesi kilichotayarishwa, kwa mpira uliopitishwa puani mpaka kwenye utumbo mdogo, 13 walipona kwa mara moja, na wawili wengine walipona waliporudiwa kwa kinyesi cha mtoaji mwengine. Waliopewa vankomaisini peke yake walipona wanne katika 13. Tofauti ilikuwa kubwa mpaka utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake, kwani ilionekana si uadilifu kuendelea kuwanyima wengine.

Tiba hii ina khatari nayo. Mwaka 2019 idara ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu kuambukizwa bakteria sugu kutoka kwenye kinyesi cha mtoaji mmoja ambacho hakikupimwa bakteria hao, na mmoja wao akafariki. Kwa hiyo mtoaji lazima apimwe damu na kinyesi, na jambo hili ni la hospitali. Nimesikia wapo wanaofundishana kwenye simu namna ya kujifanyia nyumbani. Hilo halifai kabisa.

Hukmu

Kinyesi cha mwanaadamu ni najisi kwa makubaliano ya wanazuoni, na asili ni kwamba haifai kujitibu kwa najisi pale ambapo dawa tohara ipo. Hapo kaka yenu amesema kweli. Ikiwa dawa tohara haipo au imeshindwa, wanazuoni wamekhitalifiana. Kauli mashuhuri kwa Mahanbali na Mamaliki ni kukataza. Wanategemea Hadithi na athari zenye maana kwamba Allah hakuweka ponyo la umma huu katika alichowaharamishia.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli sahihi ni kwamba inafaa kujitibu kwa najisi isiyokuwa ulevi, pale isipopatikana tohara ya kushika nafasi yake. Imam An-Nawawi ameibainisha katika Al-Majmu', na akaweka sharti kwamba mgonjwa awe mjuzi wa tiba au aambiwe na tabibu Muislamu muadilifu. Hoja yao kubwa ni Hadithi ya watu wa Urayna, iliyomo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik, ambao waliumwa walipofika Madina, na Mtume (S.A.W.) akawaelekeza wanywe maziwa na mikojo ya ngamia. Mikojo hiyo kwetu sisi Mashafi ni najisi, kwa hiyo ruhusa ile ilikuwa ni ya matibabu. Zile Hadithi za kukataza wamezichukulia kwamba zinahusu ulevi, au hali ambayo kitu tohara kipo. Na Al-'Izz bin Abdis-Salaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu haya, ameeleza kwamba maslahi ya afya na salama yamekamilika zaidi kuliko maslahi ya kuepuka najisi.

Naona hii ndiyo kauli yenye nguvu, nayo ndiyo ninayofutu kwayo kwa mama yenu. Masharti ni haya: maradhi yawe yamethibitishwa kwa vipimo, dawa za kawaida ziwe zimejaribiwa na maradhi yakarudi, kama mlivyoeleza, madaktari wanaoaminika wawe wanatarajia shifaa kwa ushahidi, na mtoaji awe amepimwa. Kuhusu tabibu kuwa Muislamu, wanazuoni wengi wa zama zetu wanakubali kauli ya daktari mweledi anayeaminika hata asipokuwa Muislamu. Mkipata huko daktari Muislamu wa fani hiyo muulizeni naye, moyo wa mama utatulia zaidi.

Itangulizwe njia iliyo mbali zaidi na najisi yenyewe. Marekani waliidhinisha mwaka 2022 dawa ya aina hii inayotiwa kwa njia ya haja kubwa, na mwaka 2023 vidonge ambavyo ndani yake mna mbegu za bakteria zilizotenganishwa na kinyesi na kusafishwa. Kama vidonge kama hivyo vinapatikana na mnavimudu, ni vyepesi zaidi kisharia na kwa nafsi ya mama. Kama havipatikani, hamlazimiki kuuza nyumba kuvitafuta.

Hukmu hii ni ya maradhi haya. Watu wanaitangaza tiba hii kwa kisukari, unene na mengineyo. Huko utafiti bado unaendelea, na dawa tohara zipo, kwa hiyo ruhusa haijafika.

Mama mwenyewe asilazimishwe. Kujitibu kwetu asili yake ni sunna, ingawa wapo wanazuoni waliowajibisha pale inapokhofiwa kifo na dawa ikawa inaaminika kuponya. Asikaripiwe, wala asiambiwe anajiua. Anayependwa zaidi naye akae karibu yake amweleze pole pole kwamba hamli wala haonji, kwamba ni shamba lililoungua linapandwa upya, na kwamba Maimamu wa madhehebu aliyosomeshwa tangu chuoni wameruhusu.

Ibada zake

Ikiwa kuharisha hakumpi nafasi ya kutosha kutawadha na kusali, hukmu yake ni ya mwenye hadathi ya kudumu. Wakati ukiingia atajisafisha, avae pampasi safi, atawadhe na asali bila ya kuchelewa, na kinachomtoka ndani ya Sala hakimdhuru. Atatawadha kwa kila faradhi, na sunna atasali atakazo. Akitaabika sana, Imam An-Nawawi ameitilia nguvu kauli ya kumruhusu mgonjwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, basi achukue ruhusa hiyo.

Kutiwa dawa hiyo hakumwajibishii kuoga. Ikishaingia ndani haina hukmu ya najisi inayobatilisha Sala, na halazimiki kuitoa. Kilichogusa mwili wa nje kioshwe, na mpira ukitolewa kwa nyuma udhu umevunjika. Akiwa amefunga, kutiwa kitu kwa njia ya haja kubwa, puani hadi tumboni au kumeza kidonge kunafunguza katika madhehebu yetu, na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa akipona.

Kuhusu malipo, najisi haiuzwi kwetu. Mtoaji akipewa kitu, kiwe ni kwa muda wake, kwa kupimwa kwake na kwa kuondoa mkono wake katika alichonacho, na hospitali inalipwa kwa kazi yake. Mtoaji anaweza kuwa Muislamu au asiye Muislamu, mwanamme au mwanamke, jamaa au mgeni, la kuangaliwa ni afya yake. Na kwa kuwa nimekwisha ulizwa suali hili kwa dhati kabisa msikitini: hapana, hakuleti undugu kama wa kunyonya.

WaLlahu a'alam.